Mwanangu, akili ya mtoto hutoka wapi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Uliniuliza kama binti yako amezaliwa na akili zake tayari au ni nyinyi mtakaomtia. Jibu langu ni kwamba amerithi ubongo ambao haujakamilika, na huo ndio urithi mkubwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, wa mtoto mchanga ni kama robo yake. Mageuzi ya viumbe ya mamilioni ya miaka yametupa kiungo kinachokua zaidi nje ya tumbo la mama, katikati ya sauti na nyuso za watu. Ndiyo maana siwaelewi wanaobishana urithi au malezi, kana kwamba kimoja kingeweza kufanya kazi bila ya mwenzake.

Hapa hapa Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, kulipatikana kaburi la mtoto asiyezidi miaka mitatu, aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Yaonekana alivishwa kitu mfano wa sanda, na kichwa kikawekewa cha kuegemea. Kila nikisoma habari zake machozi hunilenga, kwani wale waliomzika walikuwa na huzuni tunayoijua. Zama zile hapakuwa na maandishi. Hayo yana miaka kama 5,000 tu, muda mfupi mno kwa mageuzi kutujengea ubongoni sehemu ya kusomea. Kila mtoto hufunzwa upya, na ubongo wake hugeuza sehemu zinazotambua maumbo ya vitu zitambue herufi. Naamini mtoto yule angelelewa Malindi leo, angesoma na kuongea kama wewe.

Sasa nije kwa wako. Katika miezi sita ya mwanzo mtoto huweza kutofautisha sauti za lugha hata asizozisikia nyumbani. Akikaribia mwaka, uwezo huo hupungua, masikio yakashika zaidi zile za watu wake. Na wale watoto wa Romania walioachwa wakakulia vituoni bila wa kuwabeba na kuwasemesha, akili zao zilidumaa; waliopata familia mapema ndio walioinuka zaidi.

Kwa hivyo msemeshe, hata kama hajibu. Na huko Nairobi msimwachie televisheni kazi hiyo. Jioni nipigie, uiweke simu karibu naye, nami nizungumze naye kwa Kiswahili cha kwetu.

Mamako