Mbona amemwita meneja wake "Sato" kavukavu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi kwa wakala wa magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, na Kijapani changu nimejifunzia kwenye simu. Juzi nilipiga Yokohama, nikajitambulisha "Juma-san desu", nikamwomba meneja, Sato-san. Dada aliyepokea akanijibu kwa Kijapani kwamba "Sato" hayupo mezani, bila san wala cheo. Wamekosana? Au mimi ndiye nimekosea?

JIBU: Marahaba. Hawajakosana. Dada yule amesema sawasawa. Uliyekosea ni wewe, kwa silabi moja tu.

Swali hili hunifikia kila mara kwa sura mpya, na chanzo ni kilekile: lile jedwali linalozungushwa WhatsApp, "san ni Bwana au Bibi, sama ni Mheshimiwa, kun ni kijana, chan ni mtoto". Kuna watu wanaliuza kabisa, pamoja na ahadi ya Kijapani ndani ya siku 14. Ubaya wake ni kwamba linakuaminisha kuwa san ni mali ya mwenye jina, kama Alhaji au Dokta, akishaipata anatembea nayo. Kwetu mtu husimama akasema "Mimi, Mheshimiwa Fulani" na akapigiwa makofi. San hutoka kwa msemaji kwenda kwa mwingine. Kujiita Juma-san ni kama kujiamkia shikamoo kisha ukajiitikia marahaba.

Sasa Sato. Wajapani wana uchi, yaani ndani, na soto, nje. Ulipopiga simu, wewe ulikuwa wa nje, naye Sato ni wa ndani kwa yule dada. Mbele ya mtu wa nje, wa ndani hushushwa, hata awe mkurugenzi mkuu. Cheo kikifuata jina nacho ni heshima, ndiyo maana kilidondoka pamoja na san. Simu ikishakatwa, dada huyohuyo akimgeukia bosi wake atamwita Sato-bucho, kama ni mkuu wa idara, na sauti itashuka.

Mambo ya nyumbani ni hivyohivyo. Baba yangu nikimtaja kwa mgeni ni chichi. Baba yako wewe ni otosan. Nikiwa kwetu namwita yeye mwenyewe, ni otosan pia. Jedwali litakuandikia "baba" pote, likuache hapo. Hata kazi yangu: wanafunzi huniita sensei, lakini nikiulizwa kazi yangu nasema kyoshi; yote mawili ni "mwalimu". (Walimu wa watoto wadogo hujiita sensei darasani, ila ukiwa na wanafunzi wa umri huo hutanihitaji mimi.)

Na hiyo "kun ni kijana" ndiyo inayonichosha zaidi. Katika Bunge la Japani, spika kwa desturi huwaita wabunge kwa kun, wazee wa miaka 70 na wanawake wakiwemo. Takako Doi, mwanamke wa kwanza kuwa spika wa Baraza la Wawakilishi, mwaka 1993, ndiye aliyeamua kuwaita kwa san. Aliyejifunza kwa jedwali akisikiliza kikao atadhani wazee wanataniwa.

Ila kinachoharibu biashara za watu kuliko vyote ni anata. Programu za simu zinasema ni "wewe", basi mtu anamwambia mteja anata, anata, kutwa nzima. Masikioni mwa mteja inakaribia ile "we!" ya kuitana barabarani. Tumia jina lake na san, hata ukilirudia mara tano. Kwao si kero. Usipolijua, panga sentensi isihitaji kumtaja.

Kwenye barua pepe, ukiiandikia kampuni yenyewe, jina lake lifuatwe na onchu. Ukimwandikia mtu, jina la ukoo na sama. Akiwa na cheo, kitangulie jina, sama ije mwisho. Bucho-sama usiandike kamwe, ni heshima juu ya heshima, nao wataona umenakili mahali.

Ukipiga tena, taja kampuni yako kwanza, kisha "Juma to moshimasu", basi. Wao watakuita Juma-san. Itikia, usiirudie.