Mkuu, hizo mbao usizipake gundi

Mpigie fundi, Jumamosi asije. Kwenye swali lako umeandika mwenyewe kwamba mbao zako za mninga zimepasuliwa wiki iliyopita huko Tabora, unataka kung'oa fremu iliyooza kwenye kuta za karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, ubandike mpya, plaiwudi ifungwe siku hiyohiyo. Halafu unauliza gundi ipi ni kali. Tatizo lako si gundi mkuu. Mbao zako mbichi.

Mimi niko Kigoma, Mwanga. Langu nililinunua kuukuu kama lako: nje bati la alumini, ndani plaiwudi nyembamba, katikati mbao za mbili kwa mbili na lile povu jeupe la kuzuia joto. Muuza mbao akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akaniambia, "Sikia hiyo, kavu kabisa." Nikasikiliza, eti na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayejua! Zilikuwa nzito mpaka kijana wa mkokoteni analalamika, nami nikadhani uzito ndio ubora. Fundi naye akaja na ndoo ya gundi nyeupe, nikamuuliza kuhusu unyevu, akacheka: "Gundi za siku hizi hazichagui, bosi." Fundi maiko huyu, fundi wa kubahatisha, Mungu anamwona.

Sasa sikiliza. Gundi nyeupe inakauka kwa maji yake kunyonywa na mbao. Mbao yenyewe ikiwa imejaa maji, nani atayanyonya? Nilipokuja kufungua ukuta, viungo vilikuwa vinaachia kwa kuvuta na mkono tu. Upande mmoja wa kiungo mbao safi haina hata doa, upande wa pili gundi bado nyeupe, laini, na alama za vidole vya fundi zinaonekana vizuri. Ningetaka kumshitaki, ushahidi ninao.

Na hata kama gundi ingeshika, bado. Mbao ikishuka chini ya unyevu wa asilimia 30 hivi ndipo inaanza kusinyaa, na inasinyaa upana, si urefu. Ya kusimama inapungua upana, iliyolala urefu wake uko palepale, basi pale zinapokutana kuna vita. Ongeza kwamba maji yote hayo umeyafungia kati ya alumini na plaiwudi, hayana pa kutokea. Plaiwudi yangu ilipiga ukungu mweusi, ikavimba, mke wangu akauliza karavani lina mimba ya miezi mingapi. Dirisha likagoma kufunga. Mbao, plaiwudi, povu, vyote vikaenda jalalani, na ufundi nikalipa mara ya pili kwa mtu mwingine. Yule wa kwanza nilipompigia akasema ni hewa ya ziwa. Ziwa Tanganyika lipo hapo mamilioni ya miaka, lije kuvunja karavani langu mimi?

Kwa hiyo PIMA. Usigonge, usinuse, usimwamini mtu. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, maana ncha hukauka mapema zikakudanganya. Unene wa sentimita 2 unatosha. Nenda kwa sonara akupimie kwa gramu, andika. Kiweke kwenye oveni, nyuzi 103 za Selsiasi, kikaukie humo, uwe unapima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye ule wa mwanzo, kilichobaki gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 130 kikaishia 100, hiyo ni asilimia 30, na fundi wako angeipaka gundi. Unataka chini ya 15; 12 ndiyo raha.

Zikiwa bado, zipange kivulini juu ya vipande vya fito ili hewa ipite kila upande, ncha zipake rangi zisipasuke, na usiziguse. Ni miezi, si siku. Bahati yako Tabora kiangazi ni kikavu kweli, kuanzia Juni mpaka Oktoba zitakauka vizuri kuliko huku kwetu.

Gundi sasa, maana ndiyo uliyouliza: ukichukua nyeupe, tafuta kopo lenye alama ya D4, hiyo inavumilia maji. Ile ya kawaida ya makochi achana nayo. Ipo gundi ya kutoa povu, nayo isikudanganye, lile povu linajaza nafasi tu, halina nguvu. Na bana kwa klempu, au funga kwa mipira ya tyubu kuukuu, iache mpaka kesho yake.

Uliuliza pia kuhusu nyaya, na mninga au mpaini... mninga ni mzito, mita moja ya ujazo hata ikiwa kavu inapita kilo 600, ekseli yako, ule mhimili wa magurudumu, uiangalie. Mengine wadau watakujibu. Wewe kesho nenda kwa sonara, tuwekee hapa uzito wa mwanzo na wa mwisho, ndipo tuongee gundi.