Kabla ya kusema maziwa hayatoshi, hesabu nepi

Usiku wa tatu baada ya kujifungua nililia kuliko mwanangu. Ananyonya, analala dakika kumi, anaamka analia tena. Sebuleni wageni walishanong'ona kwamba mama huyu hana maziwa, na kufikia saa tisa usiku nilikuwa nimeshaamini. Nikamwamsha mume wangu akatafute maziwa ya kopo.

Asubuhi mkunga alipofika hakuuliza mtoto amelia mara ngapi. Aliuliza nepi ngapi zimelowa tangu jana. Sikujua! Nilihesabu vilio tu.

Kilio ni kipimo kibaya. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na jioni nyingine huunganisha bila kupumzika. Kinachoingia ndicho kinachotoka: kuanzia siku ya tano hivi, nepi 6 au zaidi zenye mkojo mwepesi kwa siku ni dalili nzuri. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha kwa kawaida hurudi ndani ya wiki mbili. Ila nepi zikibaki kavu, mkojo ukiwa mzito, au mtoto akiwa mlegevu kiasi cha kuamshwa kwa shida, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali.

Kwangu tatizo lilikuwa jinsi alivyoshika titi. Chuchu ilikuwa ikitoka kinywani imechongoka kama ncha ya lipstiki mpya, nami nikidhani maumivu ndiyo umama wenyewe. Mkunga akanikalisha vizuri, akamgeuza mtoto tumbo lake liguse langu, akasema, "Subiri." Tukasubiri mpaka akafungua kinywa kama anayepiga miayo, ndipo akamsogeza yeye kwenye titi, si titi kwake. Kidevu kikazama, mdomo wa chini ukabinuka nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikaingia kinywani. Zile sauti za kubusubusu zikaisha. Nikamsikia anameza.

Kopo lilibaki kabatini. Silidharau, kuna watoto wanaolihitaji na mama zao hawana kosa. Lakini titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Ukiruka mlo kwa chupa bila kukamua, mwili unaelewa kwamba oda imepungua.

Maji? Hapana, hata siku za joto, mpaka afikishe miezi 6. Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji.

Huo mwezi wa 6 nao una mitego yake. Mtoto anahitaji chakula kwa sababu, pamoja na mengine, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaelekea kuisha. Kwa hiyo usimwekee vitu vitamu vya majimaji tu. Nyama iliyosagwa laini, mayai yaliyoiva na maharage ya kuponda yana nafasi mapema. Asali isubiri mpaka atimize mwaka, maana inaweza kubeba vijidudu vya sumu hatari kwake. Na ziwa linaendelea, miaka 2 au zaidi mkipenda.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilimshika mikono, nikamminyia kijiko ili bakuli liishe. Baada ya wiki moja akiona kijiko tu anageuza uso ukutani. Nilikuwa nimesahau kuwa mtu huyuhuyu, alipokuwa akinyonya, alikuwa akiachia titi mwenyewe akishiba, na hakuna aliyembishia.

Tukaanza upya. Mimi naamua chakula gani na saa ngapi. Yeye anaamua kiasi. Akifunga kinywa, naondoa. Chakula kigeni nakirudisha siku nyingine, kidogo tu, bila kushangilia wala kubembeleza, maana wengine huhitaji kukionja mara 10 au zaidi. Yai alilitema mara saba. Mara ya nane alilibonyeza kwa kidole, akalamba kidole, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani yangu.