Re: Kiwanja (kampaundi ya kemikali) chenye mkia wa florini kinashuka mapema kwenye safu ya kuchuja

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kiwanja chako chenye mkia wa C8F17 (kaboni nane zenye florini 17) kinashuka pamoja na uchafu kwenye safu, yaani mrija uliojazwa silika yenye florini, badala ya kubaki. Kabla hujailaumu safu, angalia ulikiyeyusha kwa kitu gani. Mimi niliwahi kupakia changu kwenye safu kwa kiyeyushi cha tetrahidrofurani, tena nyingi. Mkia haukushika popote, chupa ya kwanza ikajaa kila kitu. Tumia kiyeyushi kingine, dimethilifomamidi, kidogo tu, iache inywewe na silika, ndipo uoshe kwa mchanganyiko wa methanoli asilimia 80 na maji asilimia 20. Uchafu usio na florini unashuka hapo. Kisha mimina methanoli tupu, chako kitatoka. Kwa mkia mfupi zaidi, C6F13, sijajaribu.