Kwa mnaojiunga na sensa ya gorila wa Virunga

Milima ya Virunga ni msitu mmoja wenye wasimamizi watatu: ICCN upande wa Congo, UWA upande wa Uganda na RDB upande wa Rwanda. Kundi la gorila linaweza kulala Congo leo, kesho likajenga viota Rwanda. Kila nchi ikihesabu kivyake, kundi hilo litahesabiwa mara mbili au lisihesabiwe kabisa. Ndiyo sababu sensa hufanywa kwa pamoja. Ile ya 2015–2016, iliyopata gorila 604, ilipita msitu mara mbili, maana mzunguko mmoja huacha makundi.

Kabla ya kuingia msituni, linganisheni vifaa. Uganda iko mbele ya Rwanda na mashariki ya Congo kwa saa moja, kwa hiyo kubalianeni mtajaza fomu kwa saa za nchi gani. GPS zote ziwekwe mfumo wa ramani wa WGS84, kanda ya 35 kusini. Ramani za zamani za Uganda zilichorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukichanganya mifumo hiyo miwili, kiota kinahama kama mita 300. Mpakani, umbali huo unatosha kukipeleka nchi nyingine, na kibali cha sampuli hutolewa na nchi ilikookotwa.

Mwenye kikohozi au mafua abaki kambini, hata kama timu itapungua. Gorila huambukizwa magonjwa yetu ya kupumua, na huwaua.

Timu jirani zisiachane zaidi ya mita 500 hadi 700. Mkikuta njia mbichi ya gorila, ifuateni hadi viotani, maana tunahesabu kwa viota na kinyesi. Gorila hujenga kiota kipya kila usiku, ila mtoto mchanga hulala na mama yake. Tafuteni viota vya usiku tatu mfululizo, kwa kuwa usiku mmoja hudanganya: kinyesi cha mtoto ni kidogo, hupondeka chini ya cha mama na hesabu ikapungua. Pima upana wa bonge zima la kinyesi, si lililokanyagwa. Zaidi ya sentimita 7.2, pamoja na nywele za rangi ya fedha kiotani, ni dume mkubwa. Kati ya 5.5 na 7.2 ni jike mzima au dume kijana. Chini ya hapo ni mtoto.

Badili glavu kila kiota. Chukua tabaka la juu la kinyesi, ndiko ziliko seli za utumbo zenye DNA. Loweka kwenye ethanoli saa 24 hadi 36, kisha hamishia kwenye silika kavu, chembe zinazonyonya unyevu. Lebo iandikwe kwa penseli. Ethanoli ikivuja hufuta wino, na sampuli isiyo na namba ni ya kutupa, hata kama mmeipandia mlima siku nzima.

Kuhusu vibali, wengi hukwama hapa. Kinyesi kilichookotwa bila kumgusa mnyama hakibanwi na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ingawa idhini ya utafiti ya nchi husika na kibali cha afya ya wanyama cha nchi inayopokea bado vinahitajika. Nywele na damu zinabanwa, kwa kuwa gorila yuko Kiambatisho cha I, orodha yenye ulinzi mkali zaidi. Basi nywele za kiotani msizifungashe pamoja na kinyesi, mzigo wote utazuiwa. Kwa nywele na damu, ombeni kwanza kibali cha kuingiza, maana bila hicho nchi inayotoa haiwezi kutoa chake. Kibali cha kutoa hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo kiombeni maabara ikishathibitisha tarehe ya kupokea.