Unaogopa Meli Kuzama, Kumbe Adui Ni Mlango wa Roshani

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Yeye na mumewe wamelipia safari yao ya kwanza kwenye meli ya kitalii, siku saba, kabini yenye roshani, na ana swali moja tu: "Meli ikianza kuzama, tukimbilie wapi?"

Dada yangu, swali lako lina jibu na utalipata. Lakini kati ya yote yanayoua na kujeruhi watu kwenye meli hizi, kuzama kuko mkiani. Wanaofia safarini, mara nyingi ni moyo. Wanaoumia wameteleza, wamejikwaa, au wamebanwa na mlango. Mambo hayo hayapigiwi king'ora, ndiyo maana hakuna anayejiandaa nayo.

Tuanze na hilo linalokunyima usingizi. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, saa 3:45, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Taa zilizimika, na abiria wakatangaziwa kwamba ni hitilafu ya umeme. Amri ya kuihama meli ilikuja baada ya zaidi ya saa nzima. Kufikia hapo meli ilikuwa imeinama kiasi kwamba boti za upande ulioinuka zilishuka zikikwaruza ubavu wa meli, nyingine zikakwama. Wakafa watu 32, na ufuko unaonekana kwa macho. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 16.

Mamia ya abiria waliopanda siku hiyohiyo bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kanuni hiyo imeandikwa kwa roho za watu. Halafu unamkuta abiria anaangalia video ya usalama kwenye simu huku anapiga picha glasi yake ya juisi, anaskani kadi kwenye kituo cha kukusanyikia, basi, amemaliza.

Hujamaliza. Saa ya kwanza ukiwa melini, kabla ya bwawa na kabla ya chakula, tembea kwa miguu kutoka kitandani kwako hadi kituo chako. Pita ngazi, si lifti, kwa sababu siku ya tatizo lifti hazitumiki. Ukitoka kabini, weka mkono ukutani uhesabu milango mpaka kufika kwenye ngazi: mitano, minane, kumi na mmoja, iwayo yote. Hesabu hiyo ndiyo macho yako korido ikijaa moshi. Kisha hesabu upande wa pili pia, maana moto unaweza kuwa umekaa kwenye ngazi uliyoizoea. Uliza jaketi la kuokolea maisha liko wapi, kwani kwenye meli nyingi za sasa halikai kabini, linagawiwa kituoni. Kama una mtoto, hakikisha wewe mwenyewe kwamba la kimo chake lipo.

Mlio wa kuwaita watu ni saba fupi na mmoja mrefu. Ukiusikia, vaa viatu vilivyofunika vidole, nguo ya joto, chukua dawa zako, nenda. Mizigo iache.

Boti zipo za kutosha, hilo lisikusumbue. Meli ya kimataifa ya abiria inatakiwa kuwa na nafasi kwenye boti na maboya ya kujazwa hewa kwa asilimia 125 ya watu waliomo, na baada ya watu kukusanyika na kuvaa majaketi, vyombo hivyo vinatakiwa viweze kushushwa vyote ndani ya dakika 30 tangu amri itolewe. Lakini mitambo ya kushushia imeundwa kufanya kazi meli ikiwa imeinama hadi nyuzi 20. Ikizidi hapo, boti za upande mmoja zinageuka mapambo. Kwa hiyo ukisikia mshindo, meli ikainama na isirudi, usikae kitandani kungoja tangazo la pili. Vaa, beba dawa, sogea mahali pa wazi karibu na kituo chako. Likiwa si kitu, umepoteza nusu saa ya usingizi.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni meli kupoteza nguvu. Mwezi Februari 2013 moto kwenye chumba cha injini uliiacha Carnival Triumph ikielea katika Ghuba ya Mexico, vyoo vingi havifanyi kazi, ikakokotwa kwa siku kadhaa hadi Mobile, Alabama. Viking Sky, Machi 2019 kwenye pwani ya Norwei, ni somo zuri zaidi. Oili ya injini ilikuwa imeachwa chini ya kiwango kinachotakiwa. Meli ilipoanza kwenda mrama kwenye dhoruba, oili ikahama ndani ya matangi, pampu zikavuta hewa, injini zikajizima zenyewe moja baada ya nyingine, huku miamba iko jirani. Walikuwemo watu 1,373, na zaidi ya 400 waliondolewa kwa helikopta mmojammoja. Ndani, kilichowaumiza abiria ni viti na meza zilizokuwa zikiteleza kutoka upande hadi upande, na vipande vya dari vilivyoanguka.

Kwa hiyo dhoruba ikianza, ondoka kwenye sebule za mbele zenye vioo vikubwa. Mwaka 2010 wimbi lilivunja vioo vya Louis Majesty katika Mediterania likaua abiria wawili. Tafuta ukumbi wa katikati, sitaha za chini, ukae mbali na piano na chochote kisichofungwa sakafuni. Ukilala, chupa, pasi ya nywele na simu vishushe chini kabla havijashuka vyenyewe.

Moto ndio mabaharia wenyewe wanaouogopa kuliko maji. Machi 2006, usiku wa manane karibu na Jamaika, moto ulianza kwenye roshani moja ya Star Princess, chanzo kinachodhaniwa kikiwa ni kipisi cha sigara, ukaparamia roshani hadi roshani kwa sababu vizuizi na viti vilikuwa vya plastiki. Abiria mmoja alikufa kwa moshi. Baada ya hapo kanuni za vifaa vya roshani zilibadilishwa, lakini kipisi bado ni kilekile: ukikirusha baharini, upepo unaweza kukirudisha kwenye taulo la jirani wa chini. Usilete pasi, birika la umeme, mishumaa, wala waya wa kurefushia umeme wenye kinga ya umeme unaopanda ghafla. Huo wa mwisho watu wanaubishania sana. Kwenye meli nyingi nyaya zote mbili zinapitisha umeme, wakati kifaa hicho cha nyumbani hukata mmoja tu, kwa hiyo kinaweza kuendelea kuchemka huku wewe ukidhani kimezimika.

Sasa reli. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka reli zisipungue inchi 42, takribani sentimita 107. Mtu mzima aliyesimama wima, miguu sakafuni, haivuki reli hiyo. Wanaoanguka wamekaa juu yake, wamepanda kiti kupiga picha, wamejaribu kuhamia roshani ya rafiki, au wamelewa wakafanya yote matatu. Viti na meza za roshani visogezeni mbali na reli tangu siku ya kwanza, hasa mkiwa na mtoto. Mtoto hahitaji dakika, anahitaji kiti.

Ukimwona mtu ameanguka, fuata mpangilio huu wala usiugeuze. Piga kelele "mtu majini!" huku ukirusha boya la duara lililo karibu, na kama halipo, rusha chochote kinachoelea, hata mito ya viti, utaionea huruma baadaye. Kisha mnyooshee kidole na usimwondolee macho hata sekunde moja. Mwambie mwenzako apige simu. Meli inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa inakula zaidi ya mita 600 kwa dakika. Ukigeuka kutafuta simu, ukirudisha macho hutamwona tena: kichwa cha mtu kati ya mawimbi kinalingana na nazi. Nahodha atazungusha meli irudi kwenye mkondo wake yenyewe, jambo linalochukua dakika nyingi, na kidole chako ndicho kinachomwonyesha pa kutazama.

Na wewe ukiwa ndiye uliyeanguka, maji baridi yatakufanya uvute pumzi kwa nguvu bila kutaka. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, uso juu, usiogelee. Mikono bado itakuwa na kazi kwa kama dakika kumi, basi itumie kushika kinachoelea. Hata kwenye maji ya baridi kali, baridi yenyewe huchukua muda mrefu zaidi kumzimisha mtu. Wengi hufa mapema kwa kumeza maji.

Sasa lile la kwenye kichwa cha habari. Mlango wa roshani ni mzito, na nje kuna upepo wa meli inayokwenda. Mwenzako akifungua mlango wa kabini wakati wewe umefungua wa roshani, hewa inapita kama kwenye bomba na mlango mmoja unajifunga kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoizuia. Kama vidole viko kwenye fremu, vinabaki kwenye fremu. Kanuni ya kabini ni moja: mlango mmoja kwa wakati mmoja, shika kitasa, usishike ukingo. Mlango wa bafu nao una kizingiti kilichoinuka ili maji yasitoke. Usiku, taa zimezimwa, umesahau kwamba hauko nyumbani, unakijua kwa kidole cha mguu au kwa meno. Acha taa ya bafu ikiwaka.

Sitaha ya bwawa inateleza zaidi kwenye mpaka wa mbao na vigae kuliko katikati. Ndala laini ziache, vaa zenye soli ya mpira iliyokatwa mistari. Usitegemee mlinzi wa bwawa: meli nyingi hazina, na mtoto anayezama hapigi kelele. Kwenye boti ndogo za kupeleka watu nchi kavu, ngoja baharia akuambie, acha mikono yote miwili mitupu wakukamate, kanyaga boti ikiwa juu ya wimbi. Usiweke mguu katikati kupima.

Tumbo nalitaja haraka. Virusi vya noro, vile vya kutapika na kuhara, havijali sana jeli ya pombe, vinajali sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Osha baada ya kupakua chakula, kabla ya kula, kwa sababu kilichochafua mkono ni mpini wa kijiko kilichoshikwa na ukumbi mzima. Ukitapika, toa taarifa. Wanaojificha wasifungiwe kabini ndio wanaoangusha sitaha nzima.

Moyo unastahili maneno zaidi. Zahanati ya meli ina daktari, wauguzi, mashine ya kushtua moyo, oksijeni, dawa za kuyeyusha bonge la damu. Kwa kawaida haina chumba cha upasuaji wa moyo. Helikopta haifiki kila mahali; mara nyingi meli inabidi ikimbie saa kadhaa kwanza ili iwe ndani ya umbali wake. Ukiwa na historia ya moyo, beba nakala ya kipimo chako cha mwisho cha ECG (umeme wa moyo) na orodha ya dawa kwa majina ya kitabibu, si ya kibiashara. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na akiba ya siku kadhaa zaidi, kwani sanduku hukabidhiwa gatini na linaweza kufika kabini saa nyingi baadaye. Kwenye bima tazama mistari miwili: kusafirishwa kwa dharura ya kiafya, na kurudisha mwili nyumbani. Najua wa pili hausomeki kwa raha. Meli kubwa zina mochwari ndogo kwa sababu inahitajika.

Na karatasi. Ile tiketi usiyoisoma ni mkataba. Kampuni nyingi zinazoondokea Marekani zinakupa miezi 6 kutoa notisi ya maandishi ya kuumia na mwaka 1 kufungua kesi, tena mara nyingi katika mahakama ya mji walioutaja wao. Mahakama ya Juu ya Marekani ililikubali sharti la mahali pa kesi mwaka 1991, katika kesi ya Carnival dhidi ya Shute. Panapotumika Mkataba wa Athens, ule wa kimataifa kuhusu fidia kwa abiria wa baharini, muda ni miaka 2.

Ukianguka, piga picha ya sakafu kabla hawajaipangusa, na uonyeshe kama kibao cha onyo kilikuwepo au kimeletwa baadaye. Nenda zahanati siku hiyohiyo hata kama unachechemea tu. Omba nakala ya ripoti ya tukio, chukua majina na namba za walioona, na kwenye fomu ya maelezo andika ulichokiona, usiandike "sikuwa makini" kwa kuona aibu. Viatu ulivyovaa usivioshe wala usivitupe. Vitie kwenye mfuko jinsi vilivyo, kwa sababu wakili wa kampuni atataka kujua soli zake zilikuwaje.