Akishikwa Ijumaa: polisi wa mtaani anavyoweza kumsaidia mtu wa unga

Ijumaa jioni ndiyo mbaya kuliko zote. Msako ukipita maskani, kijiweni pa watumiaji, siku hiyo, wanaobebwa hawamwoni hakimu hadi Jumatatu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, yataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa korti, hungojwa siku ya korti inayofuata. Kwa mtu mwingine hizo ni siku za kunguni na sakafu baridi tu. Kwa anayekunywa methadoni, dawa ya kila siku ya kumwachisha mtu unga (heroini), hesabu ni nyingine.

Aliyekunywa dozi Ijumaa asubuhi ataikosa ya Jumamosi na ya Jumapili, na ya Jumatatu vilevile, kwa kuwa asubuhi hiyo atakuwa kwenye benchi la korti. Dozi tatu mfululizo. Mwili husahau haraka: kiasi kilichokuwa kikimtuliza juma lililopita sasa chaweza kumkata pumzi, kwa hiyo daktari humpima upya, akampunguzia, kisha akampandisha polepole. Na hapo katika kupandishwa ndipo wengi hurudi maskani, maana dozi ndogo haimfikishi kesho yake. Kazi ya miezi huharibiwa na wikendi moja, tena bila ya mtu kukusudia.

Ndiyo maana swali la maana zaidi analoweza kuuliza afisa wa kaunta ni fupi: "Uko kwenye dozi?" Jibu liandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, pamoja na kliniki anayokwenda, kwa Mombasa ni Kisauni au Miritini, na saa aliyokunywa mara ya mwisho. Likishaandikwa, zamu inayoingia usiku haiwezi kusema haikujua. Kosa likiwa dogo, atolewe kwa dhamana ya polisi, ambayo haina malipo. Ikishindikana, asindikizwe kliniki asubuhi akanywe mbele ya mhudumu, arudishwe. Familia zisijaribu kupenyeza chupa ya methadoni seli. Ni dawa inayodhibitiwa, na akiinywa mwingine asiyeizoea, yaweza kumuua.

Mzazi naye asifike kaunta akipiga kelele. Aseme hivi: "Afande, kijana wangu yuko kwenye dozi ya Kisauni. Alikunywa leo asubuhi. Naomba iandikwe kwenye OB, nami nipewe nambari." Kisha ampigie mhudumu wa mtaani wa shirika la kusaidia waraibu kama Reachout au MEWA. Kituo cha polisi ambacho nambari ya mhudumu mmoja imebandikwa ukutani huokoa saa nyingi za kubishana.

Asiye kwenye dozi ataingia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, malaika kusimama, tumbo kukata, kisha kutapika na kuhara. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Arosto yenyewe ni nadra kuua. Kinachoua ni kuishiwa maji. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo. Akiwa hashiki hata maji, apelekwe hospitali. Na asiandikishwe taarifa akiwa katika hali hiyo. Mtu wa arosto atakiri hata kuiba feri ya Likoni, mradi afunguliwe mlango.

Pombe na bugizi (vidonge vya usingizi vya kulevya) ni habari tofauti, na hapa maafisa wengi hukosea kwa kudhani ni deko. Aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla huweza kupata degedege ndani ya siku mbili. Wa bugizi huweza kuchelewa zaidi. Mikono ikitetemeka, jasho likimtoka, akianza kuona vitu visivyokuwepo, huyo si wa kungoja korti. Apelekwe hospitali ya Makadara.

Upekuzi nao una adabu yake. Kabla ya kutia mkono mfukoni, uliza: "Una sindano au wembe?" Mwambie wazi kwamba akisema kweli haitaongezwa kuwa kosa, na utimize. Penye hofu ya sindano kufanywa ushahidi, watu huzitupa vichochoroni na kuchangia moja. Glovu za mpira hazizuii ncha. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, nenda upewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla ya saa 72 kupita, mapema ndiyo bora, uzimeze siku 28.

Wako wazazi wanaompeleka mtoto kituoni wenyewe: "Mlazeni ndani wiki moja akili imrudie." Uchungu wao twaujua, ila seli haitibu kitu. Afisa mwenye busara humwelekeza mzazi kwa mhudumu wa mtaani, kwa kuwa huko ndiko mlango wa methadoni ulipo: maandalizi kwanza, kupimwa mkojo, halafu daktari. Awe ametimiza miaka 18 na aridhie mwenyewe. Dawa hii ni ya watu wa heroini. Haimfai wa miraa wala wa bangi. Anayekaa Likoni ajue mapema kuwa atavuka feri kila siku, na nauli ya matatu ipangwe, maana wengine huachia hapo tu. Ushauri wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, kwa simu hupatikana bure kwa 1192.

Siku ya kutoka ndiyo ya kuogopwa. Baada ya siku chache bila unga, kete aliyoizoea huwa nyingi mno. Afisa anayemrudishia mkanda na simu amwambie hivyo, amkabidhi kwa mtu wake badala ya kumwachia langoni. Nyumbani, akikoroma kwa mkoromo usio wa kawaida, midomo ikawa ya samawati na mboni zikawa ndogo kama ncha ya pini, asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa. Apuliziwe pumzi mdomoni, na mhudumu aitwe na naloksoni, sindano ya kuzima nguvu ya heroini mwilini. Sindano hiyo hufanya kazi dakika 30 hadi 90 tu na unga unaweza kumrudia, kwa hiyo hata akiamka akakasirika kuwa mmemharibia, apelekwe hospitali, na usiku huo asilale peke yake.